Jiko Linaloita Adhuhuri

Mtu aliyekuja kufungua jiko la shule alikuwa ameshapika mahali pengi mno. Alipikia watengeneza barabara, wapasua mawe na wajenga madaraja, na kila alikokwenda alikuwa na neno moja mdomoni: kambini. Ukilalamika kwamba chumvi haitoshi, atakwambia kambini tulikula bila chumvi na tukaimba. Ukimwambia mvua inakuja, atakwambia kambini tulipika ndani ya mvua, mmoja kashika turubai na mwingine kashika moto. Basi watu wakamwita Kambi, na jina likamganda kama masizi.

Aliyemleta hapo ni mpwa wake, mwalimu wa darasa la nne. Mwalimu huyu alibeba jina la bibi yake, yaani mama mzazi wa Kambi, kwa hiyo tangu akiwa mchanga mjomba alimwita mama. Naye aliichukua heshima hiyo yote bila kurudisha chenji.

Siku walipolivunja kufuli kwa nyundo, Kambi aliingiza kichwa, akakitoa.

"Mama, umeniitia jiko au pango?"

"Si ulinitambia mwenyewe kwamba umepika mpaka ndani ya handaki, mjomba?"

"Handakini kulikuwa na taa."

"Hapa kuna wewe. Ingia, usinitie aibu mbele ya mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma, anatazama paa kama fundi aliyeitwa kukadiria bati. Hakuingia. Alisema ana simu ya kupiga, akaondoka.

Lilikuwa jiko la matofali mwisho wa uwanja, nyuma ya madarasa. Ndani kulikuwa na mafiga mawili makubwa ya kujengwa, ukuta mweusi wa moshi wa miaka, na vumbi lililolala sakafuni nene, hata nyayo za Kambi zikaonekana kama za mtu wa kwanza duniani. Juu ya figa la kushoto palikuwa na mfuniko wa sufuria kubwa, ule mzito wa zamani, wenye bonde katikati pale mwiko ulipozoea kuupiga. Mfuniko huo haukuwa na vumbi. Kambi aliupitishia kidole, akakitazama kidole, akajifutia suruali ingawa hakikuwa na cha kufuta. Akasema moyoni kwamba upepo una mambo yake.

Mwalimu alikuwa amegonga milango ya ofisi mwaka mzima kwa ajili ya jiko hilo. Wanafunzi wake walitoka nyumbani na tumbo tupu, na mapumziko yakifika walikimbilia uzioni kwa Mama Barafu, aliyewauzia barafu za rangi na viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya jana. Baada ya hapo walirudi darasani wakaweka vichwa juu ya madawati, wakawa kama nguo zilizosahauliwa. Msichana mmoja alidondoka mbele ya ubao, chaki ikiwa bado mkononi. Ndipo ofisi ya lishe ikakubali kuleta chakula cha majaribio cha wiki moja: mchele, maharagwe, karoti, maboga na mayai. Mboga za majani zilitoka kwenye matuta ambayo walimu na watoto waliyalima wenyewe kando ya choo cha zamani. Ijumaa angekuja afisa kutazama. Watoto wakila, gari litaendelea kuja mwaka mzima. Sahani zikirudi zimejaa, chakula kitapelekwa shule nyingine, maana zinazoomba ni nyingi, na jiko litafungwa.

"Likifungwa safari hii," mwalimu alimwambia mjomba wake, "sitapata tena mtu wa kunisikiliza. Nitafundisha watoto waliolala mpaka nistaafu."

"Mama, mimi nimelisha watu waliokuwa wanakula huku wamebeba magogo. Watoto ndio watanishinda?"

Jumatatu alipika vizuri kuliko alivyowahi kupika kwa malipo. Maharagwe yalilainika mpaka yakawa yanajiponda, boga likayeyuka ndani yake likafanya rojo zito, mboga akaziingiza mwisho kabisa zisipoteze rangi. Sufuria ilikuwa mpya na ilikuja na mfuniko wake, lakini ulikuwa mwepesi, ukipata joto unapinda. Akautupa pembeni, akafunika kwa ule wa zamani. Ulikaa kana kwamba sufuria ilizaliwa nao.

Adhuhuri ilipofika akafanya kile ambacho mpishi yeyote wa kambi angefanya. Aliubeba mfuniko kwa kitambaa, akasimama mlangoni, akaugonga kwa mwiko mara tatu pale pale kwenye bonde. Kambini ukigonga hivyo watu wazima wanakimbia kama mbuzi waliofunguliwa.

Uwanja mzima ulikufa. Mpira uliokuwa unakwenda uliachwa uende wenyewe mpaka ukagota ukutani. Wasichana waliokuwa wanaruka kamba waliiacha ikaanguka. Watoto walilitazama jiko, kisha mmoja mmoja, bila kuambiana, wakageuka na kwenda uzioni kwa Mama Barafu. Hawakukimbia. Walikwenda kwa adabu, kama watu wanaopita karibu na nyumba yenye msiba.

Kambi alirudi ndani, akakaa juu ya kigoda, akangoja. Akalisonga boga, akaonja, akaongeza chumvi ambayo haikuhitajika. Hakuja mtu. Mchana ulipoanza kulegea ndipo mpwa wake alipoingia, paji la uso limekunjamana.

"Mjomba, acha basi! Watoto hawasomi, wameziba masikio."

"Niache nini?"

"Kugonga."

"Nimegonga mara tatu nikaacha. Nimekaa hapa nashika tama."

"Mjomba, usinifanyie utani wa kambini. Umegonga tangu adhuhuri bila kupumzika. Nimekuja kutoka darasani huku nasikia. Nimesikia mpaka nimekanyaga kizingiti hiki hapa." Alitazama mikono ya mjomba wake, mmoja uko gotini na mwingine una kijiko. Kisha akautazama mfuniko, ambao ulikuwa juu ya sufuria na mwiko wake uko kwenye beseni, umelowekwa.

Aliurudisha mguu mmoja nje. Uso ukambadilika. Akauingiza tena.

"Toka," alisema kwa sauti ndogo. "Toka usikie mwenyewe."

Kambi hakutoka siku hiyo. Alisema mpwa wake hajala tangu asubuhi, masikio ya mwenye njaa yana kelele zake, akampakulia sahani. Mwalimu alikula akiwa amesimama, mgongo kauelekeza ukutani.

Jumanne hakugonga. Ule mfuniko aliuzika chini ya magunia ya mchele, akafunika kwa huu mwepesi, na mpwa wake akaleta darasa lake kwa mstari, kwa amri, mikono mabegani mwa wenzao. Walipokea sahani zao za plastiki, wakaketi chini nje ya mlango, wakazitazama. Chakula kilitoa mvuke. Hakuna aliyepeleka kitu kinywani.

"Kuleni," mwalimu alisema. "Ni maharagwe tu, hayaumi."

Msichana wa mbele, yuleyule aliyeanguka na chaki, aliinua uso. "Mwalimu, huyu babu ndiye anayetuita au ni yule mwingine?"

"Mwingine yupi?"

"Yule wa ndani."

Mwenzake akamfinya. Wote wakainamisha vichwa.

"Nani kawaambia kuna mtu ndani?" Kambi aliuliza kwa ukali aliokuwa akiutumia kwa wezi wa nyama.

"Mama," mmoja alijibu. "Bibi," mwingine akasema. "Kaka yangu," akasema wa tatu. "Wanasema mfuniko ukikuita usiende. Ukienda utakuta sufuria tupu, na ukiitazama hiyo sufuria, basi hutashiba tena popote."

Ndipo Kambi alipoona watoto wote wamekaza macho yao mgongoni kwake, mlangoni. Akatoka, akasimama nao uwanjani, na akasikia. Ko. Ko. Ko. Mapigo ya mtu mwenye mkono uliochoka lakini asiyetaka kuacha. Yalitoka ndani ya jiko alilokuwa ameliacha tupu nyuma yake. Alikimbilia ndani, na alipouvuka mlango tu, kimya. Kuni zikilia, maji yakitokota, basi. Akatoka: ko, ko, ko. Akaingia: kimya. Aliyafukua yale magunia akaugusa mfuniko, akauachia upesi. Ulikuwa wa moto, na ulikuwa umelala chini ya mchele mkavu tangu asubuhi.

Siku hiyo sahani zote zilirudi zimejaa. Chakula kilichukuliwa na wafugaji wa nguruwe, nao wakauliza kama kesho kitakuwapo tena.

Jumatano Kambi alipiga moyo konde akaenda uzioni kwa Mama Barafu. Alikuwa mwanamke mnene, kanga kiunoni na mwamvuli mkubwa juu ya deli lake la kuhifadhia barafu, na alimwona Kambi tangu mbali.

"Karibu, mpishi wa nguruwe."

"Ahsante, muuza maji ya rangi."

"Maji yangu yana sukari. Yako yana nini?"

"Yana maharagwe, boga, karoti na mboga. Ukiacha kuwapa watoto ule uchafu, watakuja kwangu."

Mama Barafu alicheka, lakini macho hayakushiriki. "Mimi siwaiti, mzee. Sijawahi kumwita mtoto hata mmoja. Wanakuja wenyewe, na wakija wanakuta kitu. Sifungui deli kama halina kitu. Unanielewa? Bora wasinikute kabisa kuliko wanikute mkono mtupu."

Kambi alilivuta kreti, akakaa bila kukaribishwa. "Dada, nani anayegonga jikoni kwangu?"

Mama Barafu aliigeuza mifuko yake ya barafu, akaigeuza tena. Alipoanza kusema alisema akiwa anatazama deli.

"Mimi nimesoma hapa. Wakati ule kulikuwa na mpishi, tulimwita Bi Mkubwa, hakuwa na mtoto, sisi ndio tulikuwa wanawe. Kulikuwa na chakula, cha kawaida tu, lakini kipo. Kisha mwaka ukawa mbaya. Magunia yakaanza kuja nusu, yakaja robo, yakaacha kuja. Bi Mkubwa hakuacha. Adhuhuri anagonga mfuniko, tunapanga foleni, anatupakulia maji ya moto yenye chumvi. Anatuambia, haya wanangu, leo mchuzi, nyama yake iko njiani, imechelewa kuvaa viatu. Tunacheka. Tunakunywa. Yale maji yalikuwa yanakaa tumboni, wewe acha tu. Mtu aliyekuita na kukutazama machoni, ni tofauti na kukaa na njaa peke yako."

"Kisha?"

"Kisha mkuu wa wakati ule akasema tunaifedhehesha shule. Watoto wanapanga foleni ya maji! Wageni watasema nini? Akapiga marufuku. Siku hiyo ilipofika adhuhuri, milango ya madarasa ilifungwa kwa nje. Bi Mkubwa hakuambiwa. Akagonga. Sisi tumekaa, tunasikia. Akagonga, akagonga. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda hata kumwambia basi, bibi, leo hatuji. Aligonga mpaka kengele ya kutokea. Asubuhi walimkuta ameketi kwenye figa, mfuniko uko mapajani, amekwisha kwenda zake. Na wengi wetu pia hawakuumaliza ule mwaka, maana njaa ilikuwapo nyumbani pia. Huyo ndiye anayegonga. Anadhani tumechelewa."

Gari lilipita barabarani. Kambi aliungoja mtikisiko wake uishe.

"Njoo ule kwangu," alisema. "Wakikuona wewe unakula, watakula."

"Mimi?" Mama Barafu alisimama, mwamvuli ukayumba. "Ule mlango siusogelei. Nimeuza hapa miaka yote hii nikiwa nimeupa mgongo. Hujaona deli langu limeelekea wapi? Nenda zako, mzee. Nenda kapike, wewe una moyo wa jiwe, mimi wangu wa nyama."

Alhamisi Kambi alifunga mzigo. Mzigo wake haukuwa na mambo: visu vyake katika kitambaa, shuka, redio iliyobaki na spika ya upande mmoja. Alishaondoka mahali pengi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mpwa wake alimkuta anafunga kamba.

"Aa. Kambi inahama."

"Mama, mimi ni mpishi, si mganga. Kuna mtu ana zamu pale ndani na zamu yake haijaisha. Siwezi kupika juu ya mgongo wa mtu."

"Sawa. Nenda." Mwalimu aliketi juu ya kitanda, akaivuta redio akaipakata kama mtoto. "Kesho nitamwambia afisa kwamba watoto hawana njaa. Si ndivyo itakavyoandikwa? Chakula kililetwa, hawakula, maana yake wameshiba. Nitarudi darasani. Yule wangu aliyeanguka, akianguka tena nitamwinua, nitampangusa chaki usoni, nitaendelea na somo."

Kambi aliendelea kufunga kamba. Ilimshinda. Alikuwa ameifunga kamba hiyo katika malori, mahema na vituo vya mabasi kwa muda wa maisha yake yote, na sasa vidole vilijifanya hamnazo.

"Nirudishie redio yangu," alisema mwishowe.

"Ili uondoke nayo?"

"Ili niiweke jikoni. Kule ndani kumenyamaza mno."

Ijumaa afisa wa lishe alikuja mapema. Alikuwa mwanamke mwembamba wa viatu vya vumbi, mgeni katika upande huo, mtu wa maneno machache. Aliliangalia jiko, akafunua sufuria, akaunusa mvuke, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kambi alimtengea sahani yake na za walimu, akazifunika na kuziweka rafuni, kama inavyompasa mgeni. Kisha wote wakatoka nje kungoja: afisa, mwalimu mkuu, mwalimu, na Kambi mwenye mikono mitupu. Jiko lilibaki halina mtu, redio inaimba kwa upande wake mmoja. Watoto walikuwa uzioni, wamejibanza upande wa Mama Barafu.

Jua lilisimama utosini. Redio ikafa.

Ko. Ko. Ko.

"Ah, wameshaitwa," afisa alisema. "Nani anagonga?"

Mwalimu mkuu alikohoa, akasema ni bati, bati likipata joto hulia, hata nyumbani kwake hulia. Alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye kola. Ko. Ko. Mkono ule ule uliochoka. Mwalimu aliushika mkono wa mjomba wake, akaukamata kama alivyoukamata akiwa mtoto wa kuvushwa barabara. Watoto waliziba masikio. Afisa alimtazama Kambi, akatazama mlango wa jiko ulio wazi, akatazama watoto, na Kambi aliona amekwisha kuamua. Alikuwa anavifunga vifungo vya mkoba wake.

Hapo ndipo deli lilipoanguka.

Mama Barafu alikuwa amesimama. Barafu nyekundu na njano zilitawanyika kwenye vumbi na hakuna mtoto aliyeinama kuokota. Mwanamke yule aliuvuka uzio kwa upenyo waliozoea kupitia watoto, mwili wake mkubwa ukakwama, akajinasua, kanga ikabaki kwenye waya. Alikuja uwanjani akiwa na gauni la ndani, mikono mbele kama anayetembea gizani ijapokuwa jua lilikuwa kali.

"Nakuja, bibi!" alipiga kelele. Sauti ilikuwa ya kitoto. "Nakuja! Wametufungia tu, bibi, si kwamba hatutaki! Nakuja!"

Mapigo yalikatika katikati.

Kambi alikimbia kwa miguu yake ya uzee akaingia jikoni kabla yake. Ndani palikuwa na joto kuliko moto uliokuwapo. Aliufunua ule mfuniko wa zamani, maana asubuhi hiyo alikuwa ameurudisha juu ya sufuria yake, akaiinamisha kidogo sufuria upande wa figa la kushoto ili yeyote aliyeketi hapo aione imejaa mpaka shingoni. Alipomgeukia Mama Barafu, alimkuta mlangoni amesimama na sahani. Alimpakulia. Mwanamke alikula hapo hapo kwa mkono, machozi yanamshuka mpaka kwenye maharagwe, anakula na kutikisa kichwa, anakula na kusema "kimeiva, bibi, kimeiva."

Watoto walimwona. Msichana wa chaki alikuwa wa kwanza kuusogelea mlango. Kisha wakaja, kidogo kidogo, kisha kwa fujo, wakisukumana na kuitana majina mabaya kama watoto wenye afya, mpaka walimu wakawa wanapiga kelele za foleni. Kambi alipakua. Sahani inakuja, kijiko kinashuka, sahani inaondoka. Aliwaona wanakula ukutani, kwenye ngazi, chini ya madirisha, midomo ina rangi ya boga, na kifua chake kikapanuka.

Baadaye kidogo aliona sahani ya bati.

Shule ilikuwa na sahani za plastiki tu, za buluu. Hii ilikuwa ya bati, imebanduka rangi pembeni, na mkono ulioishika ulikuwa mwembamba na wa baridi. Ubaridi wake aliuhisi ukipanda kwenye mwiko. Shati la mkono huo lilikuwa la kaki. Watoto wa hapo walivaa meupe. Kambi hakuinua macho. Alipakua vizuri, kutoka chini kulikokuwa na maharagwe mengi. Ikaja ya plastiki. Zikaja mbili za bati. Kambini alifundishwa kwamba mtu akisimama mbele ya sufuria yako na sahani, humuulizi ametoka wapi.

Nyuma yake, Mama Barafu alikuwa ameacha kula. Alikuwa anaitazama foleni, na alianza kusema nayo kwa upole, kama mtu anayekutana na jamaa sokoni.

"Masikio, ni wewe? Hujakua hata kidogo. Shika foleni vizuri, usimkanyage mwenzio. Na wewe Pacha, mwenzako yuko wapi? Aa, yuko nyuma yako. Njooni. Nyama yake imefika. Imeshavaa viatu."

Mwalimu aliyekuwa mlangoni anapanga watoto alimsikia, akauma kanga yake, akaendelea kupanga. Kila aliyepita alimgusa bega na kumwambia "mbele kidogo, mwanangu," bila kubagua, na kila mara mkono wake ulipoguswa na baridi aliutoa na kuurudisha tena.

Sufuria ilianza kulia chini. Kambi alisikia mwiko unagusa bati. Alipima chakula hicho mwenyewe, kilitosha shule nzima na kubaki. Aliinua macho hatimaye: kwenye foleni walikuwa wamebaki watoto wachache, wa mashati meupe, wadogo kabisa, wale wanaosukumwa nyuma siku zote. Walikuwa wanaitazama sufuria. Aliona jinsi wanavyoitazama.

Aligeuka, akavuta zile sahani zilizofunikwa rafuni. Za walimu aliwapa wa kwanza. Ya afisa alimpa wa mwisho.

"Samahani, bibi," alisema, maana afisa alikuwa amesogea mpaka mlangoni. "Hii ilikuwa yako."

Afisa alimwacha mtoto apite, akamfuata kwa macho mpaka alipoketi na kuanza kula. Jikoni kulikuwa kimya, na uwanjani pia, ukiacha kelele za watoto. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ofisi yake, kichwa mikononi.

"Ulipika kwa idadi niliyokupa?" afisa aliuliza.

"Nilipika kwa idadi hiyo. Nikazidisha."

"Na kimepungua."

"Kimepungua."

Mwalimu alimkaribia mjomba wake, tayari kumtetea, lakini afisa hakuwa anamtazama Kambi. Alikuwa anatazama beseni la vyombo, ambamo sahani za plastiki zilikuwa zimepandana, za buluu, za buluu tupu. Alitazama chini ya beseni. Alitazama na nyuma ya mlango.

"Wale waliovaa kaki," alisema taratibu, "ni wa shule gani?"

Kambi alijifuta mikono. Alimtazama Mama Barafu, aliyekuwa ameketi kwenye figa la kushoto, ameuweka mfuniko mapajani na anaufuta kwa upindo wa gauni lake.

"Wa hapahapa," Mama Barafu alijibu. "Hawajala siku nyingi."

Afisa alisimama kwa muda, kidole kwenye kifungo cha mkoba. Rangi ilikuwa imemtoka, lakini sauti yake ilipokuja ilikuwa ya kazini.

"Gari litafika Jumatatu asubuhi. Nitawaongeza na hao."

Alipokwisha kusema hivyo aliondoka, akiliacha jiko mbali alipokuwa analizunguka. Kambi alimimina maji ndani ya sufuria ili iloweke, kisha akasita, akayamwaga yote nje upesi, akaigeuza sufuria kifudifudi, mdomo wake ukaelekea sakafuni, mtu yeyote asione kwamba ni tupu.